Kwa Nini Mama Bado Analala Jikoni

Ukisafiri kutoka Embu kwenda Meru, ukaacha lami pale Runyenjes au Nkubu na kuteremka kwenye matuta ya chai na kahawa, utaona boma baada ya boma lenye nyumba mbili. Mbele, ikitazama barabara, ipo nyumba ya mawe yenye madirisha mapana ya vioo na sakafu ya taili, iliyojengwa na watoto wanaofanya kazi Nairobi. Nyuma yake kipo kibanda cha mbao chenye mabati yaliyomezwa na masizi, na ndani yake mafiga matatu. Ukiuliza mama mwenye boma analala wapi, mara nyingi utaelekezwa kule nyuma. Watoto huona aibu. Wametumia akiba ya miaka kumjengea, naye anarudi kwenye moshi mbele ya macho ya majirani. Majirani nao husema ni ukaidi wa uzee.

Mimi nasema mama huyo ana akili timamu, na nyumba ndiyo yenye kasoro. Tena nasema wasomi wetu, walio karibu naye kiasi cha kufika kwake kwa matatu moja, bado hawajamsikiliza vya kutosha.

Mwezi wa Julai ukungu huteremka kutoka Mlima Kenya ukatanda juu ya Manyatta, Kianjokoma na Githongo, na siku kadhaa zikapita bila jua kuonekana. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 12, na kule Timau hushuka zaidi. Nyumba ya mawe isiyo na dari haimfai mtu wa miaka 78 katika hali hiyo. Bati ni chuma chembamba: likipigwa na jua huwaka, na jua likizama hulitupa joto lote angani kabla ya saa tatu usiku. Alfajiri matone ya maji hudondoka kutoka upande wake wa ndani hadi kwenye blanketi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban familia nane kati ya kumi nchini zinaishi chini ya mabati. Nyingi ya nyumba hizo vijijini hazina dari, kwa kuwa dari huahirishwa hadi pesa zitakapopatikana, na pesa zikipatikana hununua taili.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu nyumba na afya, uliotolewa mwaka 2018, unapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 katika nchi zenye majira ya baridi, na unaeleza kwamba wazee huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Nani hukumbuka kuusoma mwongozo huo akiwa Ikweta? Tumezoea kuamini kwamba baridi ni taabu ya Ulaya. Lakini mwili hauulizi ramani. Baridi hubana mishipa, shinikizo la damu hupanda na moyo hufanya kazi zaidi. Mtu aliyezeeka misuli yake imepungua, hatetemeki upesi kama kijana, na huenda asihisi kwamba amepoa mpaka awe amepoa sana. Karibu na mafiga, kaa lililofukiwa majivuni hubaki na moto hadi jogoo awike. Mama amelipima hilo kwa ngozi yake usiku baada ya usiku, akachagua joto. Bei anayolipa ni moshi.

Kuhusu moshi tunajua mengi, na sehemu ya elimu hiyo ilitoka jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia familia 55 kule Mpala, Laikipia, kaunti inayopakana na Meru. Kwa zaidi ya miaka miwili walipima moshi ndani ya nyumba, wakaandika nani yuko karibu na moto na kwa muda gani, huku wauguzi wakirekodi nani ameugua kifua. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001 na hadi leo hutajwa popote duniani panapojadiliwa moshi wa jikoni. Yalionyesha kwamba maradhi ya njia ya hewa huongezeka kadiri moshi unavyoongezeka, lakini ongezeko hilo ni kali pale moshi ulipo mdogo, kisha hupungua kasi moshi ukizidi kuwa mzito. Maana yake kwa mpishi ni nzito. Kuupunguza moshi mwingi mno ukabaki mwingi wa kawaida huleta nafuu ndogo tu. Nafuu kubwa huja moshi unapokaribia kwisha.

Sasa tazama nani walipimwa. Kati ya watu 345 wa familia zile, 93 walikuwa watoto wachanga na wadogo, 229 walikuwa kati ya miaka 5 na 49, na waliotimiza miaka 50 au zaidi walikuwa 23.

Siwalaumu watafiti. Walikuwa wakichunguza maambukizi makali ya kifua, ugonjwa unaoua watoto, na vijiji vyetu vina watoto wengi kuliko vikongwe. Hata hivyo mkondo ulioanzia hapo umeendelea hivyo hivyo. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la majiko bora nchini Malawi, lililohusisha watoto zaidi ya 10,000, wote chini ya miaka mitano. Majiko hayakupunguza nimonia, jambo ambalo aliyesoma vizuri matokeo ya Mpala angeweza kulihisi mapema, kwa sababu nyumba na hewa ya kijiji vilibaki vilevile. Kule Mtwara, Tanzania, zilijengwa nyumba 110 za muundo mpya zenye ghorofa, kuta zinazopitisha hewa, jiko lisilojaza moshi na choo safi, ili ionekane kama nyumba yenyewe yaweza kuwa kinga. Ni kazi ya kusifiwa mno. Walioangaliwa afya zao, tena, ni watoto.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zenyewe zinatusuta. Moshi wa majumbani ulihusishwa na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Watoto wa chini ya miaka mitano miongoni mwao walikuwa kama 237,000. Waliobaki, zaidi ya tisa kati ya kumi, walikuwa wamevuka umri huo, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokana na ugonjwa wa moyo na kiharusi. Hayo ni maradhi ya watu wazima, na hasa ya waliokula chumvi nyingi. Mama wa Runyenjes aliyekaa na mafiga tangu utotoni amevuta moshi kwa zaidi ya miaka sitini. Mapafu yake yamepungua nguvu, macho yake yana ukungu wa mtoto wa jicho, na presha yake iko juu. Akifika zahanati, kila kimoja kati ya hivyo huandikiwa dawa yake. Hakuna anayemwuliza analala wapi.

Babu zetu walilijua tatizo hili na walikuwa na jibu lao. Nyumba ya zamani ya Wameru na Waembu ilikuwa ya duara, kuta za fito na udongo, paa la nyasi nzito lililoteremka karibu na ardhi, moto katikati. Mfano wake unaweza kuonekana katika Makumbusho ya Meru mjini. Nyasi zilishika joto, na moshi ulipenya polepole kupitia kwenye nyasi zenyewe huku ukiua wadudu na kukausha paa. Sisemi turudi huko. Nyumba zile zilikuwa na moshi mwingi, giza na hatari ya moto, na nyasi zenyewe zimekwisha mashambani. Lakini zilikuwa na mantiki: ukuta, paa na moto vilifanya kazi pamoja. Bati lilipokuja tulibadilisha paa tukaacha moto palepale. Moshi ukakosa pa kupenya na joto likakosa pa kukaa.

Hapo ndipo penye fundo, na hapo ndipo ninapotaka wahandisi na madaktari wakae meza moja. Daktari wa mapafu atasema fungua madirisha, acha mwanya kati ya ukuta na paa, hewa ipite. Ni kweli kabisa. Lakini mwanya huohuo ndio unaoingiza baridi ya Julai, na mzee akishaihisi huuziba kwa gunia, na moshi ukarudi. Atakayemshauri juu ya moshi peke yake, au juu ya baridi peke yake, atakuwa anamhamisha kutoka hatari moja hadi nyingine. Ndiyo sababu kampeni nyingi za majiko zimeishia kwa jiko jipya kugeuzwa stuli na mafiga kuendelea kuwaka: jiko jipya hupika vizuri bila kupasha chumba moto, na aliyelibuni aliwaza chakula tu.

New Zealand walikabili upande mmoja wa fundo hili. Philippa Howden-Chapman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago walichukua nyumba 1,350 za watu wa kipato cha chini, nyingi zikiwa za mbao na zenye baridi, wakazigawa kwa kura: nusu ziwekwe vizuizi vya kuzuia joto lisitoroke darini na sakafuni mara moja, nusu zisubiri. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Vyumba vya kulala vilipanda joto kwa nusu nyuzi tu na unyevu ukapungua kidogo, lakini wakazi walibanwa na kifua mara chache zaidi, walikosa kazi na shule siku chache zaidi, na walisema wanajisikia wenye afya bora. Nusu nyuzi! Mwaka 2009 serikali ya huko ikaanzisha mpango wa taifa wa kuzipasha nyumba joto kwa kutumia ushahidi huo. Kilichowashawishi mawaziri kilikuwa hesabu ya watafiti waliofanya kazi kwa subira.

Hesabu ya namna hiyo inaweza kufanyika hapa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, na kinafundisha uhandisi, usanifu majengo na sayansi za afya katika uwanja mmoja. Chuo Kikuu cha Embu kinafundisha wauguzi. Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya (KeMU) kimelea wataalamu wa afya pale Kaaga kwa miaka mingi. Chukueni nyumba mia mbili kati ya Manyatta na Igoji wanamoishi watu wa miaka 70 na zaidi. Nusu wekeni dari na bomba la kutolea moshi mwaka huu, nusu mwakani. Wekeni kipimajoto na kipimamoshi kando ya kitanda. Pimeni presha asubuhi. Vifaa vyake si ghali tena, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu ni wengi.

Ujenzi unaofaa kwa mazingira unaingia hapa moja kwa moja, maana joto la mzee linategemea ukuta umetengenezwa na nini. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una mfinyanzi mwingi, na ukikaushwa peke yake hupasuka. Ukichanganywa na mchanga, nao uko tele huko chini Mbeere, kisha ukatiwa simiti kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, hutoa matofali ya kushikana yasiyohitaji kuchomwa wala chokaa nyingi ya kuunganisha. Hakuna kuni zinazoteketea. Simiti hupungua, na simiti ni bidhaa inayotoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Ukuta wenyewe ni mzito, hupokea joto la mchana na kulirudisha usiku taratibu. Serikali imeyahimiza matofali haya kwa miaka mingi. Vijijini nyumba yake bado huitwa nyumba ya maskini, na fundi hayapendi kwa sababu hajafunzwa kuyapanga sawasawa. Yakijengwa bila msingi wa mawe na bila paa lenye upenu mpana, mvua ya Aprili huyala, na jina baya huenea haraka.

Mbao nazo ni mali yetu. Mgrivilea umejaa mipakani mwa mashamba ya Embu na Meru, hukua upesi, na dari ya mbao zake inaweza kupigwa na fundi yeyote wa kijijini. Ila tuache ile tabia ya kupaka kuta oili chafu ya magari ili kufukuza mchwa. Oili hiyo imebeba kemikali za kudhuru ngozi na mapafu, na mzee hukaa ameegemea ukuta huo mchana kutwa.

Kwa watu wa Mbeere, kule Kiritiri na Ishiara, baridi si shida. Kwao chumba kifupi chenye bati tupu huwa tanuri saa nane mchana, na mwili mzee hupoteza hisia ya kiu na uwezo wa kutoa jasho vizuri. Dari ileile inayomfaa mama wa Kianjokoma humfaa na baba wa Kiritiri.

Halafu kuna choo. Mashamba ya nyanda za juu ni vipande virefu vinavyoteremka kutoka barabarani hadi mtoni, nyumba juu, choo cha shimo chini nyuma ya migomba. Mvua ikinyesha njia huwa utelezi. Mzee mwenye presha na kisukari huamka usiku zaidi ya mara moja kukojoa, hana taa, magoti hayakunjiki, na kule ndani hakuna cha kushika. Anayevunjika nyonga katika umri huo mara nyingi hapati tena mwendo wake wa zamani, na baadhi yao hawamalizi mwaka. Ndani ya nyumba mpya, taili zinazong'aa hufanya kazi hiyohiyo ya kuangusha watu. Chuo cha Meru kina Taasisi ya Utafiti wa Usafi wa Mazingira inayoshughulikia vyoo na uchakataji wa kinyesi. Natamani taasisi hiyo ijiulize pia choo cha mtu wa miaka 80 kinapaswa kuwa hatua ngapi kutoka kitandani. Gogo la kushikia, kiti cha kukalia na taa ya jua ni mambo ya siku moja kwa fundi mmoja.

Kuna watakaosema hospitali haina kazi na mabati. Hospitali ya Methodist ya Maua, kule Igembe, ilifikiri tofauti. Ukimwi ulipowaacha watoto mikononi mwa nyanya zao, idara yake ya afya ya jamii ilishika nyundo na kuwajengea yatima nyumba, kwa imani kwamba dawa haifanyi kazi kwa mtu anayenyeshewa. Ninaiheshimu hospitali hiyo kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Wazee wa Kenya waliotimiza miaka 60 walikuwa kama milioni 2.7 katika sensa ya 2019, na watazidi. Utafiti juu yao umeanza kwingine: kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, kiliwafuatilia wazee wa Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, na Chuo Kikuu cha Aga Khan pamoja na kile cha Michigan wameanza kwa majaribio uchunguzi wa muda mrefu wa uzee kule Kilifi. Pwani ina joto, na mitaa ya Nairobi ina shida zake. Mzee wa mlimani ana mwili wa mlimani, moto wake na paa lake, na hawezi kuwakilishwa na hao. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini wamepewa mikoba yenye mashine ya kupimia presha, nao huingia nyumba kwa nyumba. Fomu zao ziongezwe maswali machache tu: mzee analala chumba gani, kina dari au hakina, moto uko wapi, choo kiko wapi.

Fedha nazo zipo. Kila mwenye mshahara Kenya hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya 2024, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Maghorofa yanainuka mijini. Nyanya wa Tigania hatahamia ghorofani, wala hapaswi kutakiwa kuhama. Anapokea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii akiwa amesajiliwa, na kujaza mtungi mdogo wa gesi humeza nusu ya hizo au zaidi. Sehemu ya ada ya nyumba ingeweza kumpa dari, bomba la moshi na choo cha karibu bila kumng'oa alipo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya nyumba inayofikika na yenye hali nzuri. Kifungu cha 57 kinaitaka serikali iwawezeshe wazee kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa na kwa dola.

Bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi waulizwe maoni. Watu wa Meru na Embu, nendeni kwenye vikao hivyo vya maoni katika wadi zenu. Waulizeni wawakilishi wenu ni nyumba ngapi za wazee zitawekwa dari na bomba la moshi katika mwaka wa fedha ujao, na ni chuo kipi kitapewa kazi ya kupima matokeo. Msiondoke kabla jibu halijaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.